Wiki Mbili za Nukta ya Kabuchai

Mimi ndiye niliyezipa redio za magari mawili nambari ile ile. Hakuna aliyenilazimisha, sikuwa nimekunywa kitu, na mwongozo ulikuwa mbele yangu mezani, ukurasa wenyewe nimeukunja pembe ili nisiusahau. Nikausahau. Halafu nikakaa wiki mbili nzima nikimtazama mke wangu kwenye kompyuta akiwa mahali ambapo hakuwa, na kati ya mke na kompyuta, nikaamua kuamini kompyuta.

Nieleze kwanza mimi ni mtu wa aina gani, kwa sababu mwingine angeweza kupanda gari akaenda kujionea. Mimi ni mtu wa nyumbani. Watu wa mtaa wetu wa Kibomet wana neno lingine la kuniita lakini mimi nimechagua hilo. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani kusubiri matokeo, na kwa namna fulani bado nipo. Chumba cha mbele nimekifanya karakana ya kutengeneza redio, simu na pasi za umeme. Kutoka kitandani hadi kazini ni hatua kumi na moja, na siku za mvua huwa naona ni nyingi. Anayesafiri kwetu ni mke wangu. Nyumbani kwetu anayeulizwa kwa simu "Umefika?" ni mama, na anayeulizwa "Maharagwe yameiva?" ni baba.

Mke wangu ni dereva wa ushirika mmoja wa wafugaji kuku. Ushirika una mashine kubwa ya kuangulia mayai pembeni mwa mji wa Kitale, na vifaranga wakishatoka hupakiwa kwenye maboksi yenye matundu, wakiwa na umri wa siku moja, wakapelekwa kwa wateja upande wa Bungoma. Kuna pikapu mbili. Moja anaendesha yeye, ya pili anaendesha mzee mmoja mpole, mwimba kwaya, ambaye huendesha kana kwamba barabara ni ya kuazimwa. Kila Jumanne na Ijumaa wanatoka pamoja asubuhi, wanafuatana Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, hadi Chwele. Pale Chwele wanaagana kwa honi. Mzee anateremka Kabuchai kugawa vifaranga wa huko kisha anamalizia Bungoma mjini. Mke wangu anakata kwenda Sirisia na kumalizia Malakisi.

Shida ilianzia Malakisi. Wateja wa huko walianza kulalamika kwamba wakifungua maboksi wanakuta vifaranga wamelala na hawaamki. Wa Kabuchai walifika wazima. Mashine ni ile ile, maboksi ni yale yale, kwa hiyo kamati ikaamua kwamba tofauti ni dereva. Ati anasimama njiani. Wapi, hawakujua, lakini anasimama.

Mke wangu aliitwa akajieleza. "Mimi nafika mapema," akawaambia. "Wenye vifaranga ndio hawafiki. Nakaa pale senta nikingoja mtu mmoja mmoja, jua linapanda, maboksi yako kwa gari. Mnataka nifanye nini, niwanyonyeshe?"

Kikao kilicheka lakini hakuna aliyeandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za mkutano. Najua, kwa sababu niliwahi kusomewa, na mahali pa jibu lake paliandikwa tu kwamba dereva amejitetea.

Sasa, magari hayo mawili tayari yalikuwa na redio za kuongelea, zile zenye maiki ya waya wa kujikunja, kwa sababu ukiteremka kwenye mabonde ya huko simu inageuka kuwa saa ya mkononi. Mwenyekiti wa kamati, mzee mstaafu ambaye huniita kijana ingawa nina mvi za kutosha, alikuwa amesikia mahali kwamba redio za aina yetu zinaweza kusema gari liko wapi. Akaja hadi kwangu, akasimama mlangoni.

"Kijana, si wewe ni fundi?"

"Nasikia hivyo, mwenyekiti."

"Weka hiyo kitu ya kuonyesha magari. Uiweke hapa kwako. Wewe ndiye mtu pekee ninayejua atakuwa kwa nyumba kila siku."

Nikamuuliza kama haoni shida fundi kuwa bwana wa mshtakiwa. Akasema kompyuta haina bwana. Halafu akasema jambo lingine: wangeangalia safari nne, wiki mbili, na ikionekana kwamba mama anasimama njiani, pikapu atapewa mtu mwingine.

Nilimpelekea mke wangu habari hizo jikoni. Pikapu ile ameiendesha miaka sita. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kukabidhiwa ufunguo na ushirika huo, na anaujua ugonjwa wa kila nati. Alisikiliza, akafunika sufuria.

"Wawekee," akasema. "Mimi sina wasiwasi. Lakini Baba watoto, weka vizuri."

"Nitaweka vizuri."

"Weka kama ni ya mtu mwingine, si kama vile unawekanga vitu vyetu."

Basi nikaanza. Kazi yenyewe si ngumu ukiielewa. Kila gari linawekwa kiantena kidogo cheusi, kama kifuniko cha chupa, juu ya dashibodi. Hicho kinasikiliza setilaiti na kuiambia redio mahali ilipo. Kila baada ya dakika tano redio inatuma ujumbe mfupi kupitia masafa yale yale ya kuongelea. Ujumbe unadakwa kwanza na ripita, mtambo ulio juu ya kilima ambao kazi yake ni kusikia redio dhaifu na kurudia kwa sauti kubwa iliyosemwa, halafu unafika kwenye redio yangu ya nyumbani, ambayo madereva huiita besi. Besi inaupitisha kwa kompyuta, na kompyuta inaweka nukta kwenye ramani. Nukta ina nambari ya redio pembeni. Nambari hiyo ni kama ile ya mwanafunzi shuleni; bila hiyo mwalimu hajui nani amepiga kelele. Besi niliipa moja, pikapu ya mke wangu mbili, na ya mzee ilikuwa iwe tatu.

Nilisimamisha mlingoti wa antena uani. Jirani yangu wa upande wa pili wa ua, mama mmoja mshonaji ambaye haongei na mtu bali huongea na mtaa, alitoka akautazama kutoka chini hadi juu.

"Hiyo chuma ikiangukia kuku wangu," akasema, "utanijua."

"Haianguki, jirani."

"Hata ile rafu uliyofunga ulisema haianguki, na ikaanguka."

Ni kweli, ilianguka. Lakini mlingoti ulisimama, na ninaomba hilo likumbukwe.

Redio ya mke wangu niliipanga kwa mkono, kitu kimoja baada ya kingine, nikiwa nimeiunganisha na kompyuta kwa kebo: masafa, dakika tano, nambari ya besi, kila kitu. Ilinichukua mchana kutwa. Nilipofika kwa ya mzee nilikuwa nimechoka, na mwongozo unasema kuna njia ya mkato: unasoma mipangilio ya redio ya kwanza, unainakili kwenye ya pili, kisha unabadilisha nambari. Kunakili nilinakili. Nilipokuwa nabofya ndipo harufu ya maharagwe kuungua ikaingia karakana, nikakimbia jikoni, nikapambana na sufuria, nikarudi, nikaona kompyuta imeandika kwamba kazi imekamilika. Kompyuta ikisema imekamilika, mimi ni nani? Nikachomoa kebo.

Tukafanya jaribio. Mke wangu akazunguka Kibomet na pikapu, na nukta nambari mbili ikazunguka Kibomet kwenye skrini. Tulishangilia kama watu waliotuma chombo mwezini. Redio ya mzee hatukuijaribu, kwa sababu alikuwa anawahi mazoezi ya kwaya.

Jumanne ya kwanza nilikaa mbele ya kompyuta na kikombe cha chai, nimechana nywele. Magari yakatoka. Nukta nambari mbili ikashika njia ya Kiminini. Nambari tatu haikuonekana. Nikachukua maiki.

"Mzee, mzee, hapa besi. Unanipata?"

"Nakupata, fundi. Endelea."

"Sikuoni kwa ramani. Kiantena chako kiko wapi?"

"Kipo hapa juu ya dashibodi. Nimekifunika na kitambaa jua lisikichome."

"Toa kitambaa, mzee."

"Nimetoa. Unaniona?"

"Sikuoni."

"Basi, mimi nakuona kwa roho," akasema, na akaendelea na safari.

Nikaandika kwenye daftari kwamba kiantena cha mzee ni kibovu. Na hapa lazima nikiri jambo ambalo linaniaibisha kuliko nambari yenyewe. Besi ina skrini yake ndogo, na mtu akiongea, inaonyesha nambari ya redio anayotumia. Kila mara mzee alipofungua mdomo, sauti yake nene ya kwaya ilijaa chumbani, na skrini ikaandika mbili. Niliiona. Nikasema moyoni: hii skrini inachelewa.

Hadi Chwele hapakuwa na shida, kwa kuwa magari yalikuwa yamefuatana na nukta moja iliwatosha wote wawili. Lakini pale Chwele, badala ya kuelekea Sirisia, nukta nambari mbili ilipinda kusini. Ikaingia Kabuchai. Ikasimama. Dakika tano, kumi, ishirini. Chai ikapoa. Dakika arobaini nukta imesimama Kabuchai, katikati ya miwa, kama mtu aliyevua viatu. Mara moja tu iliruka hadi Sirisia, ramani ikachora mstari mnyoofu juu ya mashamba na mito, kisha ikarudi Kabuchai. Nikasema setilaiti imeteleza.

Halafu ikaondoka Kabuchai ikaelekea Bungoma mjini. Saa sita mchana ilikuwa imesimama nyuma ya hoteli moja ya pale mjini, na ilisimama vizuri, bila haraka.

Mke wangu hana kazi Bungoma mjini.

Leo naweza kueleza kila kitu. Njia ya Malakisi ina miteremko ambapo redio ya pikapu yake ilikuwa haiifikii ripita, kwa hiyo tangu aache Chwele ujumbe wake ulikuwa ukipotea hewani, isipokuwa ule mmoja wa Sirisia, na uliokuwa ukifika ni wa mzee peke yake, akiwa na nambari ya mke wangu kifuani. Leo najua. Siku ile nilichojua ni kwamba nimeoa miaka kumi na tisa na kumbe kuna hoteli.

Alirudi jioni, vumbi hadi kwenye kope, akaketi akanyoosha miguu. Akanihadithia habari za mama mmoja wa Malakisi aliyekuja kuchukua vifaranga mikono yake ikinuka tumbaku hadi vifaranga wakapiga chafya. Siku nyingine ningecheka. Nilikuwa namtazama kama karani wa mahakama.

"Na Kabuchai," nikasema, nikijifanya natafuta chumvi, "leo ilikuwa siku ya soko?"

"Nitajua aje ya Kabuchai? Uliza mzee."

"Sawa. Na Bungoma hakukuwa na joto sana?"

Akageuka akaniangalia. "Baba watoto, uko na homa?"

Mtu mwerevu angeishia hapo. Mimi niliona kwamba amejibu haraka mno.

Ijumaa nukta ikafanya yale yale. Kabuchai dakika arobaini, Bungoma saa sita, nyuma ya hoteli. Nilianza kumjenga kichwani huyo mwanamume wa hotelini. Nilimpa kofia nzuri. Nilimpa gari lake mwenyewe, meno yote, na kazi ya kutoka nje kila asubuhi akiwa na mkoba. Kila nilipokuwa nachambua mboga naye aliongezewa kitu. Kufikia Jumatatu alikuwa na shamba la miwa na anajua kuogelea.

Nilinyoa ndevu, nikapiga pasi shati langu la harusini, ambalo lilikubali kufika vifungo vitatu, na nikapika chapati siku ya kazi. Mke wangu alisimama mlangoni akiwa bado na ufunguo mkononi.

"Kuna mgeni?"

"Hakuna mgeni."

"Kuna mtu amekufa?"

"Mtu hawezi kupika chapati?"

"Anaweza. Lakini wewe na hiyo shati? Unakaa kama mtu anaenda kuomba kazi."

Kwa kweli ndivyo nilivyokuwa, ila sikujua ni kwa nani.

Safari ya tatu ikapita, ya nne ikapita, na ramani haikubadilisha hadithi. Jumamosi kamati ilikuwa ije kwangu kuiangalia. Ijumaa alasiri nilikaa mbele ya ile programu peke yangu. Ilikuwa na kitufe cha kufuta safari. Niliweka kishale juu yake. Nikifuta, pikapu inabaki yake. Nikiacha, pikapu inaenda, na yote niliyokuwa nimejijengea kichwani yatasomwa na watu sita sebuleni kwangu wakinywa chai yangu. Kidole kilikaa pale muda mrefu. Sikufuta. Ningependa kusema ni uaminifu, lakini nadhani nilitaka watu wengine waione hiyo nukta, wanisaidie kuumia.

Jumamosi wakaja. Niliwapangia viti, nikawasha besi, nikaitega kompyuta mezani pale ambapo wote wangeiona. Mke wangu aliegesha pikapu nje ya lango, akazima injini, akaingia akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, mtulivu, kikombe mikononi. Alikuwa amevaa kitambaa kizuri cha kichwa. Sikuweza kumtazama. Mzee wa kwaya naye alikuwa amefika na pikapu yake, lakini kabla hajaketi mwenyekiti akamtuma mjini kumchukua katibu, ambaye alikuwa amepiga simu kwamba amekwama pale kwenye stesheni ya mafuta. Mzee akatoka. Tukasikia gari likiondoka polepole, kama kawaida yake.

"Tungoje katibu," mwenyekiti akasema. "Bila katibu hakuna mkutano."

Tukangoja. Watu wakapuliza chai. Mwenyekiti, kwa kukosa la kufanya, akavaa miwani akaisogelea kompyuta.

"Kijana, hii nukta inatembea ni nini?"

Nikaangalia. Nukta ilikuwa imetoka langoni kwangu na inaelekea mjini.

"Hiyo ni nambari mbili," nikasema.

"Na nambari mbili ni gari ya nani?"

"Ni ya mama."

Mwenyekiti akavua miwani. Akamtazama mke wangu. Akaegemea dirishani, akaitazama pikapu ya mke wangu iliyosimama nje ya lango, injini baridi, kuku wa jirani amepanda juu ya boneti. Akarudi kwa kompyuta. Nukta ikasogea tena.

"Mama," akasema taratibu, "wewe uko wapi sasa hivi?"

"Mimi?" Mke wangu akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine. "Si niko hapa nakunywa chai."

"Kompyuta inasema umefika kwa rondabauti."

"Basi iambie iniletee mkate."

Watu wakaanza kucheka. Mimi nilikuwa nimeshika meza. Nikanyakua maiki.

"Mzee, mzee, hapa besi. Uko wapi?"

"Fundi, niko kwa rondabauti, nyuma ya trekta," sauti ikasema. Na skrini ndogo ya besi, ile niliyodai inachelewa, ikaandika mbili.

Nilicheka. Sijui niseme nini kingine. Mwanamume mzima, mbele ya kamati, nilicheka hadi nikakaa chini. Yule mtu wa kofia akafa papo hapo pamoja na meno yake, shamba lake la miwa na kuogelea kwake. Mwenyekiti akadhani nimerukwa na akili. Nikamwomba dakika, nikaenda karakana, nikachukua mwongozo, ukafunguka wenyewe kwenye ule ukurasa niliokunja pembe. Uliandikwa: kisha unabadilisha nambari.

Nikarudi nikawaeleza. Nilieleza vibaya, nikarudia, na ile mara ya pili mwenyekiti akainua mkono.

"Ngoja. Kwa hivyo hii safari yote ya Kabuchai ni nani?"

"Ni mzee."

"Na Bungoma?"

"Ni mzee."

Mzee aliporudi na katibu walimpokea kwa vicheko kabla hajaingia mlangoni. Akaulizwa kwa sauti ya mahakama anafanya nini Kabuchai kila Jumanne na Ijumaa.

"Kabuchai?" Akashangaa. "Si ndiyo mmenituma? Nagawa vifaranga!"

"Na nyuma ya ile hoteli Bungoma?"

"Nakula matumbo," mzee akasema. "Kwani imekatazwa?"

Nilichomeka kebo kwenye redio yake hapo hapo langoni, nikampa nambari yake halali, na mke wangu akawasha pikapu yake. Nukta mbili zikatokea kwenye ramani, bega kwa bega mbele ya nyumba yangu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama zile nukta mbili.

Kamati ikakubali zile safari nne zisihesabiwe, tuanze upya. Nilihamisha antena kubwa ya redio ya mke wangu kutoka kwenye bampa nikaiweka juu ya paa, ili hata kwenye ile miteremko ya Malakisi iweze kuifikia ripita. Zikafanyika safari nyingine nne. Safari hizo sikuchana nywele wala sikupika chapati. Nilikaa tu nikitazama nukta yangu ikipita Chwele, ikipita Sirisia bila kugeuza shingo, ikaingia Malakisi saa tatu asubuhi. Na pale ikasimama. Saa tatu na nusu imesimama. Saa nne. Saa tano kasoro. Imesimama senta ya Malakisi, mahali peupe pasipo kivuli, ikingoja wenye vifaranga wamalize kazi zao za tumbaku waje mmoja mmoja.

Mwenyekiti alipoona hivyo akavaa miwani kuhakikisha. Kisha akamwambia katibu afungue kitabu na aandike yale maneno aliyokuwa ameyasema mama tangu mwanzo. Akayaandika, isipokuwa hayo ya kunyonyesha. Wateja wa Malakisi wakaambiwa kwamba atakayekuwa hayupo saa tatu vifaranga wake watarudi Kitale. Wakaanza kuwahi. Maboksi yakaanza kufunguliwa yakiwa na kelele. Pikapu ikabaki ya mke wangu na hakuna aliyeitaja tena.

Nilikuwa nimebaki mimi. Siku chache baadaye tulikuwa uani tunachambua maharagwe kwenye ungo, na nikaona afadhali asikie kutoka kwangu kuliko kutoka kwa mtaa. Nikamwambia yote. Kabuchai, hoteli, yule mtu wa kofia, kitufe cha kufuta.

Aliendelea kuchambua. "Kwa hivyo zile chapati zilikuwa za Kabuchai?"

"Za Kabuchai."

"Na shati?"

"Na shati."

Akaweka ungo chini. Alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaomba nimweleze tena kuhusu kuogelea, nikamweleza, akacheka upya. Kisha akaokota mawe mawili matatu kutoka kwenye maharagwe.

"Wiki mbili, Baba watoto," akasema.

Nikasogea karibu na ungo, naye hakusogea mbali. Akanisukumia upande wenye mawe mengi, nikajua tuko sawa.

Jirani alikuwa upande wake wa ua, anaanika nguo, na kwa jinsi alivyokuwa ameanika kitambaa kimoja kwa muda wote huo nilijua amesikia. Mke wangu alipoingia ndani, akaja akaegemea ua, akataka nimweleze vizuri, kwa sababu mengine yalikuwa yamempita. Nikamweleza. Nilimchorea kwa kijiti chini: hapa Chwele, hapa Kabuchai, hapa Malakisi, hiki kilima ndipo ripita ilipo, hapa ndipo nambari ilipokosewa. Nilimweleza habari za setilaiti na ujumbe wa dakika tano. Nilimweleza jinsi hakuna fundi ambaye angegundua mapema, kwa hali ilivyokuwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akaangalia mchoro wangu, akaangalia dirisha la karakana.

"Na hiyo redio ya kuongea na mke wako ilikuwa hapo kwa meza siku zote," akasema. "Si ungemuuliza tu?"